Waliokaa Nyumba ya Kalisti

Duka la Ushirika, Mazwi,
S.L.P. 41,
Sumbawanga.
9 Machi, 1976

Mpendwa mdogo wangu Bashiri,

Salamu nyingi zikufikie huko Muheza, wewe na mkeo Kulsumu na mama yetu Mwantum. Hamjambo? Mguu wa mama umepona? Sisi tunaamka na kulala, tunashukuru, isipokuwa baridi ya huku, ambayo ninyi watu wa pwani hamngeiweza hata siku moja. Mvua bado zinanyesha na mahindi yamebeba vizuri. Dukani sukari hakuna, na wateja wanaamini nimeificha chini ya khanga yangu.

Barua yako niliipata mwezi wa kwanza. Nilifurahi mno, nikaisoma kwa sauti dukani mpaka watu wakanicheka. Kumbe baba mdogo Kalisti aliacha mtoto! Huku tulijua tu kwamba alikwenda na manamba kukata mkonge, akapotea kama walivyopotea wengi. Kaka yake, yaani marehemu baba yangu Leonardi, akiulizwa alijibu kwamba mdogo wake aliondoka kabla hajaoa, basi. Nami nililelewa hapa mjini kwa mjomba, sikuwa na wa kunieleza zaidi.

Uliniomba nitafute ile nyumba ya Itindi iliyoandikwa kwenye kipande cha kazi cha baba yako, ile kadi ya manamba, nikuambie ni nani waliokaa humo baada yake, kwa kuwa kazi ya mkonge inalegalega nawe unafikiria kurudi kwenu. Kazi hiyo nimeifanya. Majibu si mazuri, Bashiri. Kaa chini kwanza.

Itindi haipo tena. Mwaka juzi, wakati wa Operesheni, watu wote walihamishiwa kijiji kipya kando ya barabara ya Matai, na nyumba za zamani zikaezuliwa ili mtu asirudi. Nilipita hapo. Kuta zimelowa zikaanguka, na maboga yanatambaa juu yake. Shamba la kurithi lisahau.

Bomani walinizungusha wee mpaka viatu vikalia. Vitabu vya kodi ya zamani vimeliwa na mchwa. Karani aliniambia hivyo kwa fahari, utadhani mchwa anawafuga yeye. Ndipo nikaenda parokiani. Mapadre wa zamani walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba kuandika nani anakaa wapi, ameoa nani, watoto wake nani. Padre Modesti, kijana mpole, alinifungulia kitabu cha Itindi.

Baba yako alikuwa na mke. Anaitwa Albina. Walifunga ndoa kanisani mwaka 1937, na mwaka uliofuata mbele ya jina la baba yako pameandikwa: yuko Tanga. Mwaka mwingine tena, yuko Tanga. Na mwingine. Mtoto wao wa pekee, wa kike, alikufa kwa surua. Kisha mwaka 1946 nyumba hiyo hiyo ina mwanamume mwingine, Zenon, na pembeni wameandika: hawana ndoa, hawaruhusiwi Komunyo.

Wewe ni Mwislamu, acha nikueleze. Kwetu mwanamke aliyefunga ndoa kanisani haolewi tena mpaka ijulikane kwa hakika kwamba mumewe amekufa. Albina hakuwa na hakika. Aliomba mapadre waulizie huko Tanga, wakaulizia, lakini Kalisti waliyemtafuta alikwisha kusilimu akawa Hamidi. Zenon alikuja kumwezekea paa, hakuondoka. Wakapata watoto wanne katika nyumba ya baba yako. Na kila Jumapili walisimama nyuma kabisa, wenzao wakipita kwenda kupokea Komunyo, mkate mtakatifu.

Sasa wewe umeniandikia kwamba baba alifariki mwaka 1949, ukiwa bado unanyonya. Padre aliposoma mstari huo alishika kichwa. Alisema barua moja tu ingetosha, na hao wawili wangefungishwa ndoa mwezi ule ule. Akachukua kalamu akauandika mwaka huo kitabuni mbele yangu.

Zenon alikufa mwaka jana kwa kichomi, katika mvua za kwanza baada ya kuhamishwa, kwenye kibanda cha nyasi kilichovuja kila upande. Aliomba aitiwe padre. Akaja katekista, msaidizi wake, akamwuliza kama yuko tayari kuachana na yule mwanamke. Akasema hapana. Alizikwa bila sala, nje ya makaburi ya kanisa.

Nilimkuta Albina kijijini akipepeta ulezi. Nilimwamkia, nikajieleza, nikamsomea barua yako, maana niliona ana haki ya kuisikia kuliko mimi. Aliniomba nirudie ule mwaka. Nikarudia. Akaendelea kupepeta mpaka ulezi wa ungoni ukaisha, ndipo akasema, "Mwanangu, hiyo barua usimpelekee Padre. Nikiwa mke wa mtu, Zenon alikufa vile kwa sababu. Mwaka huo ukiandikwa, alikufa vile bure."

Sikumwambia kwamba umekwisha kuandikwa. Nimerudi mjini kwenye lori la Huseni huku nalia, naye Huseni, maskini, akasimamisha gari akidhani nimefiwa. Nina hasira na baba yako, nina hasira na baba yangu aliyejua akanyamaza, na sijui niipeleke wapi, wote wako chini ya udongo.

Kabla sijaondoka nilimwuliza Albina kama tumfanyie Kalisti matanga. "Nilikwisha kunyoa nywele za ujane kwa Zenon," akasema. "Mara ya pili sinyoi."

Ukitaka kuja, njoo. Kijijini watakupa ekari kama wanavyompa mtu yeyote, na kwangu chumba kipo. Watoto wa Zenon hawana ugomvi nawe. Wanasema mtoto mchanga hana kosa. Ila Albina alinifuata mpaka barabarani na swali moja, nami nalileta kwako kwa kuwa siwezi kulijibu. Kipande kile, chenye jina la Kalisti na la Itindi, uliandika kwamba mama Mwantum alikuwa nacho sandukuni miaka yote. Albina anauliza, mke mwenzake huyo alijua kwamba yeye yupo?

Muulize mama taratibu, usimtishe. Kama hakujua, niandikie upesi nimpelekee Albina jibu. Kama alijua, usiniandikie.

Nisalimie Kulsumu, Shida mnayemwita shangazi, na wote wanaonikumbuka bila kuniona. Albina hakutuma salamu, wala sikumwomba. Mama Mwantum mpe shikamoo yangu, lakini ukishamwuliza.

Mungu wenu na Mungu wetu, ambaye naamini ni mmoja, awafunike usiku na mchana.

Wako akupendaye, hata leo,

Dada yako Agnesi