Fundi anasema klachi imekwisha, na gari langu halina klachi

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye nimekuzidi basi ipokee hivyo hivyo, salamu haiozi. Nakuandikia sina usingizi na chakula hakipiti, naomba unisome mpaka mwisho kwa sababu shule niliishia darasa la nne na nikianza kueleza jambo sijui pa kukomea.

Mimi ni mjane, nauza vitenge hapa Picha ya Ndege, Kibaha, lakini kwetu ni Kisarawe na mama yangu mzazi bado yuko huko. Mwanangu mkubwa Ashrafu yuko Tabora kikazi, aliona miguu yangu inavimba akaniletea kigari kidogo, akanifundisha mwenyewe, akaniambia, "Mama, hii haina klachi, pedali mbili tu, mafuta na breki, gia zinajibadilisha zenyewe, hata wewe utaiweza." Na kweli nikaiweza mpaka nikapata leseni, nikawa naenda Kisarawe kumwona mama, majirani wananipungia mkono na mimi napunga.

Sasa mshauri, mimi nimelelewa kwamba mtu mzima hapitwi bila salamu, na ukiwa na gari ndiyo zaidi, maana ukipita kimya watasema kigari kimempanda kichwani. Kwa hiyo nikimwona mtu mzima anatembea napunguza mwendo, dirisha liko wazi, naenda naye sambamba tunasalimiana. Kusimama siwezi, nikisimama yeye ananipita, halafu itabidi nimwite, na mtu mzima haitwi kwa mgongo.

Kule kwenye kilima cha kupandia Kisarawe kuna Mzee Mwinyimadi, huyo salamu zake ni za kukaa kitako, anauliza watoto mmoja mmoja, anauliza mama, anauliza na mbuzi wa mama. Nikimwambia baba panda nikusogeze anasema, "Hapana mwanangu, daktari kaniambia nitembee." Basi tunapanda kilima wote, yeye kwa miguu mimi kwa gari, nagusa mafuta kidogo tu lisirudi nyuma, naachia, nagusa tena, mpaka juu. Mara nyingine nikawa nanusa harufu kama maharage yanaungua, nikasema moyoni hawa watu wa kilimani mbona wanasahau sufuria kila ninapopita.

Mwezi huu nikarudi kutoka Kisarawe gari linajikokota, injini inapiga kelele kama mbuzi wa sikukuu lakini mwendo hakuna, na kesho yake likagoma kabisa karibu na gereji ya Seif. Huyu Seif, mshauri, ndiye kijana anayetaka kumuoa binti yangu Zawadi, na wazee wake walikuwa wamekwisha kututumia salamu kwamba wanakuja kuposa. Na Mzee Mwinyimadi ndiye babu yake, na ndiye angeongoza msafara.

Seif akalala chini ya gari, akatoka amejaa grisi usoni, akasema, "Mama, klachi imekwisha."

Nikamwambia, "Klachi ipi?"

"Ya gari hili."

"Gari hili halina klachi."

"Ipo mama, ipo ndani, haionekani."

Nikamwambia, "Kama haionekani basi ni jini, unataka kuniuzia jini?" Watu wakacheka, na mimi watu wakicheka ndiyo napandwa na mori. Nikampigia Ashrafu pale pale, simu nikaiweka sauti kubwa, naye akasema, "Mama usikubali, gari hilo halina klachi, aliyeniuzia alinihakikishia." Ndipo nikamwita Seif mwizi mbele za watu, nikamwambia leo unanichaji kitu kisichoonekana, kesho utamlisha binti yangu chakula kisichoonekana. Bertha, jirani yangu anayepika vitumbua pale mbele ya gereji, akaniambia, "Mama Zawadi, inatosha, huyo ni mkweo," nikamwambia wewe geuza vitumbua vyako.

Seif aliita wenzake wakasukuma gari mpaka nyumbani kwangu, yeye yuko nyuma anasukuma na mimi niko mbele nashika usukani huku bado namtukana, tulipofika akajifuta mikono akasema, "Haya mama, shikamoo," akaondoka.

Sasa Zawadi hasemi na mimi, ananipakulia chakula, nikiuliza ananijibu ndiyo mama, hapana mama, basi. Na kutoka Kisarawe Mzee Mwinyimadi kaleta neno kwamba safari ya posa isimame kwanza, mpaka mama wa binti apoe. Mshauri, nimuombe radhi fundi wakati sijajua kama gari kweli lina klachi? Na kama linayo, nani kaila? Binti yangu atakaa nyumbani kwa ajili ya mdomo wangu?

Mama Zawadi, Picha ya Ndege

JIBU

Mama Zawadi, pole, na funga mdomo kidogo nikueleze.

Gari lako lina klachi. Seif hakukuibia. Ashrafu aliona pedali mbili akadhani na klachi haipo, na wewe ukamwamini kwa sababu ni mwanao. Ziko otomatiki za aina nyingine ambazo kweli hazina sahani ya klachi, ile inayolika kwa kusuguana, lakini hili lako, kwa alivyoliona Seif, chini lina giaboksi ya kawaida kabisa, ile ile ya magari ya pedali tatu. Tofauti ni kwamba kuna kifaa kinachokukanyagia klachi na kukubadilishia gia. Mguu wako umepumzika, klachi iko kazini.

Na kazi uliyoipa wewe mama, Mungu anajua! Ukitembea mwendo wa mtu wa miguu, klachi haijashika vizuri wala haijaachia, inasuguana tu, kama unavyosugua sufuria kwa mchanga. Kwenye kilima, ukigusa na kuachia mafuta ili gari lisirudi, ndiyo unaichoma. Yale maharage yaliyokuwa yanaungua yalikuwa ndani ya gari lako. Watu wa kilimani umewasingizia bure.

Unauliza nani kaila. Mmeila wawili, wewe na Mzee Mwinyimadi. Kila alipouliza habari za mbuzi, sahani ilikuwa inapungua.

Lakini kumwita kijana wa watu mwizi mbele za watu, hilo ni lako peke yako, na umekosea sana. Soma tena barua yako. Umemtukana, akasukuma gari lako. Umemtukana njia nzima, akakupa shikamoo. Unatafuta mkwe wa namna gani mwingine? Wengine wangekuachia hilo gari barabarani na wewe ndani yake.

Sasa fanya hivi. Ulimtukania gereji, basi radhi uiombe huko huko gereji, mchana, Bertha akiwepo na vitumbua vyake. Usianze kueleza, sema tu, "Mwanangu Seif, nimekosa, nisamehe." Umruhusu afungue gari, na akitoa ile sahani iliyokwisha, ukae uiangalie. Kisha uichukue, uifunge kwenye kanga, uende nayo Kisarawe kwa basi, ukamwekee Mzee Mwinyimadi mbele yake. Mwambie, "Baba, hii ndiyo klachi, tuliila mimi na wewe kwa salamu, na aliyetukanwa ni mjukuu wako." Mzee anayeuliza hali za mbuzi hatashindwa kucheka. Na akishacheka, atakuwa na uso gani wa kuzuia posa wakati na yeye ameshiriki kula?

Gari likipona, uwe na mambo mawili tu: unaenda, au umesimama. Kutambaa basi. Kwenye foleni acha nafasi mbele ifunguke, ndipo usogee mara moja. Kwenye mlima shikilia kwa breki, mafuta uyakanyage ukiwa unaondoka kweli. Ukinusa kuungua, egesha lipoe, usitafute sufuria ya mtu.

Na salamu, mama, usiziache. Ukimwona mtu mzima, mpite taratibu, egesha mbele yake, weka nyutro, vuta hendibreki, ushuke umsubiri kwa miguu yako. Hutamwita kwa mgongo, atakukuta umesimama. Miguu ikivimba, egemea gari, si ndiyo lilinunuliwa kwa ajili hiyo?

Zawadi mwonyeshe barua hii kabla hujaenda gereji. Ataongea.

Marahaba. Salamu yako ya mwanzo nimeipokea nikiwa nimekaa kwenye kiti, hakuna kilichoungua.