Mawimbi Siyataki, Baba

Dunga, Kisumu
Jumapili mchana

Kwa Baba,

Nakusalimu kwanza kwa heshima, maana hasira niliyo nayo haijafuta kwamba wewe ni baba yangu. Goti lako la kushoto linaendeleaje na baridi ya Wundanyi? Mdogo wangu Mghoi aliniambia bado unapanda ule mlima wa kanisani bila fimbo. Tafadhali chukua fimbo. Huku tunaamka, watoto wanakwenda shule, joto ni lile lile, na presha yangu bado iko juu. Hayo ndiyo ya afya. Sasa tuongee.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu umeikata mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani ni mtandao. Mara ya pili nilikusikia ukikohoa, halafu kimya. Mara ya tatu nilisema, "Baba, ni mimi Wakesho," ukakata hapo hapo. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini nakujua, umekuwa karani wa kanisa maisha yako yote, na karatasi iliyoandikwa huwezi kuichana kabla ya kuisoma.

Hujui nimeishije tangu mume wangu Otieno afe, kwa sababu hukuuliza. Nitakuambia hivyo hivyo. Mwaka huu kuna asubuhi nyingi nilikuwa nakaa kitandani nimeshika kiatu kimoja, jua linapanda, na kule ufuoni wenzangu wameshanunua samaki, wameshapaa magamba, mafuta yameshachemka. Silii, siumwi popote, ila kiatu cha pili siwezi kukivaa. Tembe za presha nikawa nazisahau, na nikizikumbuka najiuliza ni za nini. Achieng, mjukuu wako mkubwa, ndiye aliyenipeleka kliniki akinishika mkono kama nisiyeona.

Sista Atieno, muuguzi wetu, aliniambia ameona wengi wa namna yangu. Presha inamchosha mtu, roho inaanguka, roho ikianguka dawa zinaachwa, na presha inapanda tena. Wana kikundi cha watu kama sisi kila Jumanne. Tunakaa kwenye viti vya plastiki, kila mtu anapewa redio ndogo na vile vya kuvaa masikioni, tunasikiliza muziki wa polepole na sauti inayotufundisha kuvuta pumzi na kuiachia. Wanatupima kabla na baada. Nilicheka moyoni, lakini nikavaa.

Unajua walichoniwekea, Baba? Mawimbi. Sauti ya mwanamke, Kiswahili laini cha redioni, inaniambia nijione nimekaa kando ya maji matulivu, ziwa likinibembeleza. Niambiwe hayo mimi, ambaye ziwa hilo lilikaa na mume wangu siku nne kabla ya kumrudisha. Nusu ya watu katika chumba kile wamezika mtu aliyetolewa majini, na yule aliyetengeneza sauti hizo alikaa ofisini kwake huko mbali, asimuulize hata mmoja wetu. Mzee Ouko, mvuvi mstaafu aliyekaa karibu nami, alivivua vyake masikioni akaviweka mezani taratibu.

"Sista, hii maji mimi najua," alisema. "Hii ni ile ya kupindua boti."

Watu wakacheka, nami nikacheka, halafu nikavivua vyangu. Sista alinipima, akakunja uso, akapima tena. Presha ilikuwa imepanda. Nilimfokea mbele ya watu wote, maskini, na si yeye aliyeyarekodi. Aliningoja nimalize, akavuta kiti akakaa mbele yangu.

"Mama Achieng, skiza," alisema. "Tembe utameza kila siku, hiyo hatubishani. Hii ya kuskiza ni ya kusaidia roho tu. Lakini wewe ndio utachagua. Ukiwa mtoto, ni sauti gani ilikuwa inakutuliza?"

Tangu siku hiyo kila mtu analeta yake. Mzee Ouko alitaka mtangazaji wa mpira, Sista akamkatalia kwa sababu goli likiingia anaruka na kiti. Siku hizi anamsikiliza mkewe akikaanga samaki jikoni, anafumba macho, anasema chumvi haijatosha. Mama mmoja anayeuza mchele kutoka Ahero amerekodi wajukuu wake wakikariri mistari ya Biblia. Wanasaidika, Baba. Nimewaona wakitoka pale mabega yameshuka.

Mimi nilijibu bila kufikiri. Nilisema sauti ya baba yangu. Jumamosi alasiri ulikuwa unakaa mezani na kitabu cha kwaya, unajifunza besi ya kesho yake. Maneno ulikuwa huyaimbi. Ulianza na noti tupu, do, so, la, so, chini chini, huku ukigonga meza kwa penseli. Mimi na Mghoi tuko chini ya meza hiyo hiyo tunamenya maharagwe. Ukikosea, unanyamaza, unavuta kiti mbele, unaanza upya. Marehemu Mama alikuwa anasema nyumba nzima inajua besi isipokuwa wewe. Hakuna kitu kibaya kilichowahi kunipata chini ya meza ile.

Ndiyo maana nilikupigia. Sikuwa na shida nyingine.

Na najua kwa nini unakata. Ulisafiri siku mbili hadi Luanda Kotieno, nyumbani kwa kina Otieno, ukakuta spika kubwa uani, ngoma, pembe zinalia, vijana wanaswaga ng'ombe mbio kuelekea ziwani, na binti yako anakimbia nyuma yao bila kitambaa kichwani. Ukamwambia Mghoi kwamba watu hawa wanacheza ngoma juu ya maiti na dada yake amejiunga nao. Ukachukua begi lako, ukaondoka kabla mume wangu hajafukiwa.

Ungemuuliza hata yule mzee aliyekuletea chai. Angekuambia kwamba hapa mtu mzima akifa, watu huifukuza mauti kwa kelele mpaka ilikotokea. Ile haikuwa sherehe. Siku zote nne nilizokaa ufuoni nikingoja sikutoa hata chozi moja. Nilipokimbia na wale watu ndipo nikalia, na nikiwa nalia wanawake wawili walinishika huku na huku nisianguke. Sisi kwetu tunalia polepole kwenye leso, na sijasema ni vibaya. Lakini kelele uliyoikimbia ndiyo iliyoniokoa siku ile, na nilipogeuka kukutafuta, kiti chako kilikuwa kitupu. Nimekasirika tangu siku hiyo. Nimekasirika nikipaa samaki, nimekasirika nikisali. Ulifunga safari ya siku mbili ukashindwa kungoja saa mbili.

Mghoi, kwa huruma zake, alitaka akurekodi kwa siri kanisani, simu ikiwa ndani ya mkoba. Nilimkataza. Sauti ya kuibiwa siitaki. Kama baba yangu hataki niisikie sauti yake, basi nisiisikie, nirudi kwa mwanamke wa mawimbi.

Mghoi atakuja kwako Jumamosi na simu yake. Ataiweka mezani, palepale, mbele ya macho yako. Imba besi yako, sihitaji maneno, noti zinatosha. Kama kuimba kunakushinda kwa hasira, basi nigombeze. Sema yote uliyosema nyuma yangu, mwanzo mpaka mwisho, nitayavaa masikioni Jumanne mbele ya Sista na presha iende inakotaka kwenda. Ninachokukataza ni kunyamaza. Kunyamaza kwako kunaniua, Baba, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Muulize Sista, kipimo anacho yeye.

Nisalimie shangazi yangu Mkamburi, mwambie dawa yake ya kifua bado naikumbuka kwa uchungu wake. Nisalimie mjomba Mwadime na mke wake, na mwalimu wa kwaya, kama bado anakuvumilia. Achieng na mdogo wake Ochieng' wanakuamkia. Ochieng' hajui sauti yako ikoje, alikuwa mdogo ulipokuja kwenye mazishi. Aliniuliza kama babu ni bubu.

Jambo la mwisho nitakalomwomba Mghoi ni asiizime simu haraka ukishamaliza. Aiache kidogo, nisikie unavyovuta kiti.

Binti yako mwenye hasira,
Wakesho, mama yao Achieng na Ochieng'