Chambo Kilichoachia Kiungoni

Basi usinune, Mwanaisha, eti babu yako amekuletea mke mwenza. Bi Zuhura anakusalimu sana. Tangu tuozwe nina furaha isiyosemeka. Jana kanipikia mkate wa sinia, nikala huku namtazama yeye tu.

Umeuliza kama ununue kile chambo bandia cha vipande viwili. Ukikivuta polepole hakina mfano, mkia wake hupinda kama wa samaki hai. Lakini kukirusha penye upepo ni taabu, na samaki mkubwa hukivunja pale kilipoungwa.

Ujanani nilikitumia hapa Shella, nikitafuta nguru wa kumpelekea babake Zuhura kitoweo kabla sijaposa. Nguru akanasa, akajipinda, kiungo kikaachia, nikabaki na kichwa cha chambo. Nikaona haya kwenda mikono mitupu. Zuhura akaolewa Mambrui, nami nikaoa bibi yako, Mungu amrehemu.

Juzi nilipomsimulia, Zuhura alicheka hadi akafuta machozi. "Bwana we! Nani alikudai nguru? Ungekuja na hicho kichwa cha chambo!"

Kinunue, mke wangu, ila kagua kiungo. Kabla mwezi haujaisha tutafika kwako Kisumu, mikono mitupu, bila haya.

Babu yako