Nimemwinamia mbwa

Deok-su, nimeacha kazi ya ulinzi sasa hivi. Mke wangu hajui bado. Usicheke.

Unajua pale getini kila asubuhi lazima tuwainamie wakazi wa maghorofa kwa salamu. Leo mwenyekiti wao kapita akisukuma mbwa wake kwenye kigari cha mtoto. Nikamwinamia.

Akasimama. "Mzee Pyo, na Bori je?"

"Bori ndiye nani, mwenyekiti?"

"Si huyu! Naye ni mkazi."

Mbwa, Deok-su! Naye ni mkazi! Mbwa kapiga mwayo wa kumeza basi zima la Busan.

Lakini kilichonitia kinyaa si yule mama mwenyekiti. Nikiwa bado natafuta tusi la kumfaa, nikajikuta natazama viatu vyangu. Mgongo ulishainama wenyewe. Wenyewe!

Nikavua kofia ya kazi, nikamvika Bori. "Zamu yako, mkazi."