Lenzi ya Kuinama Nayo

Tororo, Jumapili alasiri

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, goti limepoa, na Mama ameacha kukuficha chumvi, au wewe umeacha kuiiba. Mimi ni mzima kabisa, nakula vizuri, na mvua za huku zimenifundisha kutotoka bila gambuti. Naandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika ninapotaka kufika.

Unakumbuka tulivyokubaliana. Wachapishaji wa Kampala wanaotengeneza kitabu cha ndege wa vinamasi walinipa muda mpaka mpunga uvunwe, niwaletee picha moja tu: korongo taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda, akiwa na makinda yake. Ikiwapendeza, picha za kitabu kizima ni kazi yangu. Ikishindikana, nirudi Voi nichukue studio yako, niwaambie watu wainue kidevu kwa picha za paspoti. Nilikubali kwa kiburi, halafu nikaanza kuhesabu wiki.

Kosa langu lilikuwa kudhani mambo yote ni urefu wa lenzi. Okoth, ninayefanya naye kazi ya kupiga picha za harusi hapa Tororo, aliniazima lenzi yake ya milimita mia sita, ile inayomvuta ndege wa mbali mpaka unamwona kope. Ni nzito kama mtoto aliyelala, haishikiki bila stendi. Siku tatu nilisimama nayo ukingoni mwa mashamba ya mpunga kule Paya tangu alfajiri. Korongo walipoona mtu amesimama wima, kimya, anawakodolea jicho kubwa la kioo, waliwaingiza makinda kwenye matete na kuhamia ng'ambo. Nikiwapiga wakiwa huko ng'ambo, ikifika saa tatu jua limeshaanza kuchemsha maji, hewa inachezacheza, na picha inatoka kama imepigwa nyuma ya moshi wa jiko. Lenzi ndefu humvuta ndege, lakini na ule mtetemo wa hewa huuvuta pia. Hilo hakuna muuzaji anayekuambia.

Najua unacheka. Uliniuliza kwenye simu kama miguu yangu imekatika hata nitafute lenzi ya kunitembelea. Siku ile nilikasirika, kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli.

Nusu iliyobaki nilifundishwa na Mama Athieno, mwenye shamba. Yeye na jirani zake wanapalilia kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wote wameinama kwenye mstari mmoja. Siku ya tatu, nikiwa nakunja stendi nimekata tamaa, nikamwona korongo akipita hatua chache mbele yao, anadonoa, makinda mawili nyuma yake. Hakuna aliyemjali, naye hakumjali mtu. Nilipomuuliza Mama Athieno wanafanyaje, alinitazama kwa huruma.

"Wewe nasimama kama askari," akasema. "Ndege naogopa mutu ya kusimama. Kuja uiname na sisi. Lakini ukiingia mustari, hakuna kutoka mpaka mwisho. Moja akisimama, yote natazama, na ndege nakwenda."

Basi Jumatano nikaenda Busia, nikavuka upande wa Kenya kununua lenzi yangu mwenyewe. Muuzaji akaniwekea mbili mezani, ya mia sita na ya mia nne.

"Madam, kwa ndege ni hii kubwa," akasema. "Wazungu wote wanabeba hii. Na ujue, ukishavuka nayo hapo Uganda hairudi. Hizo stori za karatasi za mpaka mimi siziwezi."

Kwa hiyo nilikuwa na nafasi moja ya kuchagua. Nikaifunga ile ya mia nne kwenye kamera, nikaivaa shingoni, nikainama katikati ya duka na kuanza kupalilia sakafu yake.

"Umeangusha kitu?"

"Napalilia," nikamjibu.

Nilikaa hivyo dakika kumi. Kisha nikaivaa ile kubwa. Hata dakika mbili hazikuisha, shingo ikalalamika, na mdomo wa lenzi ukagusa sakafu. Shambani ungekuwa umeshakunywa tope. Mama mmoja aliyekuja kununua chaja akamwambia muuzaji, "Huyo mpee na jembe kabisa." Watu wakacheka, nami nikacheka, nikachukua ya mia nne. Haifiki mbali kama mwenzake, lakini naishika kwa mkono mmoja, na mahali nilipokuwa nakwenda hapakuhitaji kufika mbali.

Ijumaa asubuhi niliingia mstarini, Mama Athieno kushoto, shemeji yake kulia, tope mpaka magotini. Baba, kupalilia mpunga si mchezo. Mgongo ulikuwa umeanza kunitukana korongo alipotoka kwenye matete na makinda yake, hatua kama kumi na tano. Nikabaki nimeinama, nikainua kamera taratibu. Mstari wangu ukaanza kubaki nyuma. Yule shemeji, bila kuinua kichwa, akaninong'oneza, "Wewe piga ndege. Sisi naona mustari yako." Wakawa wananing'olea magugu huku na huku ili mstari usipinde. Kinda mmoja akasimama kati ya miguu ya mama yake, naye akainamisha taji lake kumtazama. Nikabonyeza.

Kisha nikaendelea kupalilia mpaka mwisho kama nilivyoahidi, bila kujua nimepata au nimekosa. Tulipofika kwenye tuta ndipo nikatazama. Kila unyoya wa taji ulionekana. Nililia palepale, Baba, mikono yangu ikiwa imejaa tope.

Jioni ileile niliwatumia wachapishaji picha, na jana wakanijibu. Kazi ni yangu, miaka miwili. Kwa hiyo sirudi Voi. Naliandika hili wazi kwa sababu najua ulinitegemea, na linaniuma, na bado sirudi.

Nisalimie Mama sana. Msalimie na shangazi Wakio, aliyenishonea mkoba wa kamera, umwambie haujafumuka hata uzi. Bibi mwambie nasali kila Jumapili, hata leo.

Na studio, Baba, mpe Mghoi. Miaka yote hii dada yangu anafungua mlango, anapanga taa, anachapa picha, na watu wanasema anamshikia nafasi Wakesho, yaani mimi. Hajawahi kukuomba kwa sababu mimi nilikuwa njiani. Sasa nimeondoka njiani.

Mghoi, najua ni wewe unayemsomea barua hii, maana macho ya Baba hayaoni tena maandishi. Usiiruke sehemu hiyo. Rudi juu, uisome tena kwa sauti.

Ni mimi binti yako, tope bado liko kwenye kucha,

Wakesho