Geti Nambari 33

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Watu wa kupaka nambari za nyumba wamefika mtaani kwetu, Chechelesi. Nilikuwa mjini kuchukua vyuma. Narudi saa tisa, nakuta mageti yangu tisa yaliyoegemea ua yamepakwa rangi nyekundu. 23, 25, 27 — mpaka 39. Mageti ya kuuza! Mtu amepita mbele ya karakana, ameona mageti tisa, akahesabu nyumba tisa. Hakujiuliza mbona hazina paa.

Na nyumba yangu halisi, hapo nyuma? Haina nambari. Mlango wangu wa kuingilia ni turubai. Miaka kumi na tisa, mageti 412 kwa mkono wangu, na sijajiwekea hata moja.

Jirani Abdikarim amekuja akifoka. Yeye ni nyumba ya kumi na tatu upande huu, iweje aitwe 41? "Hao majirani wanane wa ziada umewaficha wapi, Gumato?"

Jumanne, 4 Novemba

Nimemfuata karani wao, kijana anaitwa Mworia. Nikamweleza taratibu. Akasema fomu inataka nambari ipakwe kwa geti. Paka kwa ukuta basi! Fomu haina ukuta. Halafu akaniuliza kwa upole, "Kwani mama, wewe unaishi wapi?"

Mimi! Niliyefika hapa kukiwa na miiba ya mathenge na fisi tu!

Jioni nimeuza geti moja. Mzee Huqa wa Gotu. Amechagua 33, amependa hiyo rangi. Anasema linaonekana ni la serikali.

Alhamisi, 6 Novemba

Mworia amerudi na barua za kugawa. Amehesabu mageti mara mbili.

"Mama, nyumba 33 imeenda wapi?"

"Imepanda pickup."

Akaandika: *Wakazi wamesafiri.* Nimeona kwa macho yangu.

Barua yenyewe ni jambo kubwa. Jumamosi ya tarehe 15 kuna baraza la kuchagua jina la barabara yetu. Nyumba yenye nambari, mkono mmoja. Isiyo na nambari, ikae kimya.

Kila mtu Isiolo hapa anapaita Kwa Mageti. Dereva wa boda, mgonjwa, hata polisi. Sasa Mbaabu wa miraa, nambari 2, aliyehamia mwaka juzi, anataka paitwe Mbaabu Avenue. Eti ametuletea mwanga. Ametundika balbu moja, na inamulika gari lake.

Jumapili, 9 Novemba

Mzee Huqa amepiga simu mara tatu. Komeo liko upande wa nje. Beberu wake akijikuna kwa geti, komeo linaingia, familia yote inafungiwa ndani. Leo asubuhi mzee ameruka ua na kanzu yake.

Nimemwambia mbuzi ndiye ana kosa.

Kusema kweli, komeo nililiweka vibaya. Umeme ulikuwa unapotea na kurudi, nikachanganya pande. Kuhamisha ni nati nne, dakika tano. Lakini nikikubali hilo, mageti 412 yatakuwa na doa moja. Hakuna geti lililowahi kurudishwa kwangu. Hata moja!

Jumatano, 12 Novemba

Nimetoa turubai, nimejiwekea geti. Nambari 27, lile lililopinda pembe, miezi minane halina mteja. Mworia amelikagua, akaweka tiki. Sasa nina nyumba!

Hesabu: nyumba za kweli ni 21, pamoja na yangu. Mwalimu Kendi yuko Meru, zinabaki 20. Mbaabu ana kumi — nimewajua kwa miraa ya bure wanayotafuna wiki hii. Wanaotaka Kwa Mageti ni tisa, na mimi kumi.

Sare. Sijalala vizuri.

Huqa amepiga tena. Sikushika.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandikia hapa hapa barazani, nyuma ya kitabu cha oda.

Mikono imeinuliwa. Kumi. Kumi. Nilisema!

Mworia anasoma rejista tena, nambari moja moja, asije akamsahau mtu. Ishirini na tisa — kimya. Thelathini na moja — kimya. Watu wanacheka, wanajua ni mageti.

"Thelathini na tatu?"

"Niko!"

Mzee Huqa. Nyuma yake wanaume wanne wamebeba geti langu kama jeneza. Hakujua habari za baraza. Amelirudisha. Mbele ya barabara nzima!

Mworia ametazama rejista, ametazama ile rangi nyekundu. "Nambari ipo," anasema. "Huyu ana kura."

Mbaabu ameruka kumpa kiti. Ameagiza soda. "Mzee wangu, pole na safari. Huyu mama amekufanyia nini?"

Huqa hajakaa. Hajagusa soda.

"Salaam aleikum. Sijui mnapiga kura ya nini, na nitapiga. Lakini kwanza nataka huyu Gumato aseme mbele yenu: komeo limekosea, ama beberu wangu ndiye amekosea?"

Watu wote wananitazama mimi. Geti limesimamishwa mbele yangu, komeo liko nje, hata mtoto analiona.

Abdikarim ananong'ona nyuma yangu, sema beberu, sema beberu, usiaibishe jina la mageti.

Mageti 412. Nati nne. Spana ninayo mfukoni, nimetembea nayo tangu Jumapili.

Nasimama, naitoa spana —