Mama Mkwe Anatuonjea Uyoga wa Msituni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla ya msaada naomba unisamehe, maana barua hii ilipaswa kukufikia mvua zilipoanza na sasa zinaelekea kukatika, lakini mimi napiga pasi kwenye kiwanda cha nguo, nasimama kutwa, nikirudi kuna mtoto ananyonya na kuna vyombo, kila nikishika kalamu usingizi nao unanishika.

Shida yangu ni uyoga, usinicheke. Mama mkwe alihamia kwetu mwaka jana kunisaidia kulea, na bila yeye hata hiyo kazi nisingekuwa nayo, ni mama mwenye moyo, hajawahi kuninunia hata siku niliyounguza sufuria yake nzuri, sasa huko alikokulia walikuwa wanachuma uyoga, na huku kwetu nyuma ya nyumba za mwisho kuna msitu wa miti ya mbao, mvua ikinyesha tu huyo na kikapu chake, na binti yangu wa miaka minne anamfuata, tunamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Uyoga aliouzoea kwao ni mweupe, na anaouona huku ni mweupe, basi kwake ni ndugu.

Halafu ana utaratibu wake. Asubuhi anapika kidogo, anakula peke yake jikoni, amesimama, anasubiri. Jioni ikifika hajaumwa, anapika uliobaki tunakula wote. Nilipomuuliza kwa nini anafanya hivyo aliniambia, "Mwanangu, mimi nimekula chumvi nyingi. Kama kuna wa kwenda, niende mimi, nyie mna watoto." Nikavuta sahani, nikala. Siku nyingine nilipokuwa nasita, Kasuku akaniambia mbele ya wote, "Kula mama, Bibi ameonja, hajafa!" Wote wakacheka, mimi nikamega tonge dogo.

Sasa wiki iliyopita alionja kama kawaida, jioni mzima kabisa, bahati gesi ikaisha kabla hajatupikia. Kesho yake alfajiri nikamkuta amejikunja sakafuni, anatapika, anaharisha, siku nzima hivyo hivyo, anasema ni maziwa yalichacha. Siku iliyofuata akaamka, akafagia uwanja, akasema, "Unaona? Nilijua ni maziwa." Mimi nikaumwaga uyoga uliobaki. Alipoona beseni tupu hakugomba, alikaa tu kwenye kigoda akasema, "Kumbe chakula changu kinakutia kinyaa," na tangu hapo ananijibu kwa kichwa. Mume wangu naye anasema, "Uyoga ungekuwa unaua, mimi ningezaliwa na nani?" Na jana nimemwona mama anapangusa kikapu.

Nimechoka, mshauri. Simwogopi, nampenda, lakini siwezi kusimama kazini huku naona sufuria ya nyumbani kichwani. Namba yangu ya simu ipo nyuma ya bahasha. Ninachoomba unitumie ni hivi: picha za uyoga wenye sumu, ziwe kubwa, macho ya mama hayaoni vidogo, nizibandike jikoni. Namba ya kupiga mtu akishakula sumu. Na maneno ya kumwambia mama mkwe, yawe mafupi, nikirudi kazini sina nguvu ya mengi.

*

Mwanangu, uliniachia namba yako, nami sikusubiri gazeti litoke. Nilikupigia siku ile ile niliyofungua bahasha, nikakuambia umpeleke mama hospitali apimwe ini, ukanung'unika kwamba ameshapona, lakini ulimpeleka. Daktari amesema ini limeguswa ila litarudi. Mshukuru Mungu, kisha nikugombeze: mtu mzima anatapika siku nzima, wewe unamwaga uyoga badala ya kuuchukua kwenda nao kwa daktari?

Wasomaji wengine nao wasikie. Uyoga mbaya kuliko wote hauna haraka. Unaweza kuliwa asubuhi na usiume mpaka kesho, kwa hiyo anayeonja leo jioni hajapima chochote, amewatangulia tu. Kisha tumbo linatulia, mtu anafagia uwanja, na ndani ini linaoza. Kupata nafuu si kupona. Kuuchemsha hakutoi sumu, kuukausha hakutoi, na konokono kuutafuna si cheti, konokono hana ini lako. Na mjuzi wa msitu mmoja ni mgeni katika msitu mwingine.

Picha sikutumii. Nikikutumia, kesho mtashika uyoga mkononi, mnatazama ukuta na kubishana, na wenye sumu na usio na sumu hufanana kama pacha. Namba ninayokupa ni ya hospitali iliyo karibu nawe, iandike ukutani mahali pa picha. Mtu akishakula asingoje kuumwa, aende, na masalio ya uyoga mwende nayo, hata matapishi. Msimpe dawa za kubahatisha.

Kasuku hachumi tena, hashiki, haendi huko na kikapu. Hilo huombi ruhusa kwa mume. Yeye mwambie kwamba waliokufa kwa uyoga hawakubaki kuzaa watu wa kuuliza maswali kama lake.

Mama usimwache mikono mitupu. Wakulima wa uyoga huuza mifuko ya nyasi iliyokwisha kupandwa mbegu. Mnunulie miwili, iwekwe penye kivuli, ainyunyizie maji na avune mwenyewe. Huo mtakula, na utamsifu.

Maneno uliyoomba ni haya. Keti chini, karibu na kigoda chake, umwambie: "Mama, chakula chako hakinitii kinyaa. Naogopa siku utakayotuonjea tukakupoteza, kisha tukae tule kilichobaki." Usiongeze kitu. Akilia, mwache alie. Akinuna, mpikie wewe. Ila uyoga wa msituni usivuke kizingiti chako.